Wiki Niliyoamua Kuitunza Sauti

Jumatatu, 9 Juni

Habari kubwa! Watu wa redio wanakuja kutoka Mbeya Jumamosi, ukumbini Katandala. Wanatafuta sauti ya Bwana Shamba kwa ajili ya mchezo wa redio wa vipindi hamsini na viwili. Hamsini na viwili! Mwaka mzima Ufipa yote itakuwa inapukuchua mahindi huku inanisikiliza mimi, Modesti. Nafasi hii ni yangu. Miaka sita nimekuwa sauti ya gari la matangazo: misiba, minada, chanjo ya kuku. Tena niliwahi kuigiza kupe katika tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Watu walisema yule kupe alikuwa na uchungu wa kweli.

Tatizo ni moja. Sauti yenyewe. Asubuhi nimemwita mke wangu Cornelia, akauliza nani anaburuta kabati.

Nimekwenda kwa Mwalimu Winifrida wa kwaya. Amesema mimi na sauti yangu tunaishi kama mume na mke wasioelewana: kila siku naituma, hata siku moja sijaiuliza imeamkaje. Ninywe maji ya vuguvugu, nilale mapema, niache kupiga kelele, nisinong'one, nikichoka nipumzike. Basi. Miaka ishirini ya kufundisha kwaya, na hana siri yoyote zaidi ya hiyo! Lakini hilo la kupumzika nimelipenda. Nitalifanya kikubwa.

Jumanne, 10 Juni

Kimya kabisa mpaka Jumamosi. Nimeandika kadi na kuifunga shingoni kwa kamba ya kiatu: SAUTI IMEPUMZIKA, ASANTE.

Saa mbili asubuhi, hapa hapa Milanzi, nimekutana na mama mkubwa Anjela na mzigo wake wa ulezi kichwani. Nikachuchumaa. Nikapiga makofi ya heshima kama tulivyolelewa. Shikamoo sikutoa. Akasimama. Akasubiri. Nikainua kadi. Sasa mama mkubwa miwani yake huivaa kanisani tu. Akaondoka na ulezi wake.

Kufika saa sita Milanzi ilikuwa na habari mbili: ama nimerogwa, ama nimeanza kujiona. Jioni ukoo ukajaa sebuleni. Mjomba Kalisti akaja na katekista. Kila aliyeingia nilimweleza upya, tena kwa sauti ya juu, maana wengine walikuwa wameshaanza kusali. Mama mkubwa peke yake nimempa shikamoo saba. Cornelia ametazama saa: nimeongea saa tatu na nusu. Siku ya matangazo ya chanjo huwa sifikishi mbili.

Jumatano, 11 Juni

Mpinzani wangu ni Fabiani, mnadi ng'ombe wa Kizwite. Ana sauti nzito isiyomtoa jasho, na Jumamosi atakuwepo. Leo nimepiga hodi kwake kwa kisingizio cha kuazima jembe, ili niipeleleze siri yake. Akanitajia mwenyewe, hata sikumbembeleza: maji ya vuguvugu, kulala mapema, kuacha makelele. Neno kwa neno kama Winifrida!

Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu. Hawa wawili wamepanga. Tangu lini adui akampa adui dawa? Nimekata shauri nifanye kinyume. Kesho alfajiri natoka nje kunoa besi yangu kwenye upepo, pamoja na maji ya mtungini, baridi yake ile ile.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefanya. Nusu saa nzima, uso kwenye upepo wa Juni. Na besi imekuja! Imekaa dakika nne. Baada ya hapo sauti imeanza kukatika, neno moja linasikika, mawili yanapotea.

Nimechanganya tangawizi, limau, asali, yai bichi na pilipili kichaa, dawa tano za watu watano tofauti, zote kikombe kimoja. Nimelia sana. Cornelia amesema leo nyumba imetulia, na usaili ukisogezwa mbele yeye hana neno. Mke huyu nampenda, lakini hana uzalendo.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango mpya. Kama yangu haipandi, basi ya Fabiani ishuke. Leo Milanzi walicheza na Katandala, na Fabiani ni mzaliwa wa Katandala. Nikamwalika. Mtu gani huenda mpirani asipige kelele?

Fabiani. Alikaa dakika tisini anatafuna karanga, skafu shingoni. Katandala walipofunga alipiga makofi mawili. Mimi nilijikaza vizuri mpaka dakika ya themanini na nane, Milanzi waliposawazisha. Kisha wakaongeza! Kilichofuata sikikumbuki sawasawa. Nasikia niliingia uwanjani. Nasikia refa aliniomba nitoke, tena kwa upole.

Fabiani akaniletea chupa ya maji ya vuguvugu. Alipogeuka nikayamwaga. Sidanganyiki.

Jumamosi, 14 Juni

Siku yenyewe. Mwongozaji ni Bi Kristiana, mama wa maneno machache. Fabiani alisoma ukurasa mmoja tu. Hata mimi nilitamani kwenda kupanda mahindi kwa nafasi.

Zamu yangu. Nikafungua mdomo, ukatoka mkwaruzo. Bi Kristiana alinisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki, kisha Bwana Shamba akapewa Fabiani. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Nimeumia, sifichi. Nafasi ya mwaka mzima, nimeiona ikiondoka mbele ya macho yangu.

Halafu nikaitwa tena! Nikapewa karatasi nyingine: Mzee Ngeleja, mgonjwa, anagawa shamba na kufa kipindi cha kwanza. Maneno kumi na moja. Nikayasoma. Fundi mitambo akavua kofia. Bi Kristiana akasema hajawahi kusikia mtu akifa vizuri namna ile. Tunarekodi Jumatano. Akauliza kama naweza kufika na sauti hiyo hiyo. Nikaitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa haufai.

Nimechoka. Cornelia amenipa maji ya moto kidogo, nimekunywa bila ubishi. Nalala sasa, jua bado halijazama vizuri.

Jumapili, 15 Juni

Balaa! Misa ya kwanza, wimbo wa kuingia, nimefungua mdomo kwa mazoea tu. Ikatoka. Nzima! Safi! Ile niliyokuwa nayo kabla ya gari la matangazo. Winifrida akageuka huku mikono bado iko hewani. Mama mkubwa Anjela alifuta machozi. Na mimi machozi yalinitoka, kwa sababu nilikuwa nimeisahau, na ni nzuri.

Nje ya kanisa Winifrida alinishika mkono. Amesema hiyo ni siku moja tu ya maji na usingizi, nifikirie mwaka mzima ungenipa nini.

Nimefikiria. Zimebaki siku tatu tumrekodi Mzee Ngeleja, na mwenye sauti hii hafi hata umsukume. Kwa bahati kesho kuna mnada Kizwite na Fabiani anapumzika. Nimeomba nimshikie nafasi kutwa nzima, bila kipaza sauti.