Mbegu ya Peris na Majani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Februari 1988
Mimi Eliakim Wakhungu, miaka sabini na nne. Nimeishi kuliko nzige waliokula hadi nyasi ya paa, machifu watatu, na daktari wa Kitale aliyesema mapafu yangu hayafiki Krismasi. Yeye ndiye hakufika. Mama mkwe wangu tu ndiye sijamshinda. Ako Kamukuywa, bado analima mwenyewe.

Leo Peris mke wangu amefungua debe la mbegu. Maharagwe mekundu ya kwao, alikuja nayo akiolewa, na hatujawahi kupanda mengine. Fukusi wameanza kutoboa. Akasema anataka kwenda kwa Ranjit, dukani Kimilili, anunue poda ya wadudu. Nikakataa. Poda ni ya watu wasio na akili. Si juzi nimeponda majani ya kunuka, nikamwagia sukuma wiki maji yake, na wadudu wakaanguka wote? Jirani yangu Wabwile aliona. Alisema ni mvua iliwaangusha. Wivu.

Peris akasema sawa, lakini mvua ya Machi haingoji mtu, na mbegu hiyo ikiisha imeisha. Nikamwambia atulie, ameolewa na fundi.

Jumatano, 3 Februari
Majani yenye nguvu ya kweli yako kwa mama mkwe, kwenye ua wa miti unaozunguka boma. Yeye fukusi hawamjui. Shida ni ukwe. Tangu nioe sijamtazama usoni, sijala kwake, na jina lake silitaji hata kwa kalamu. Kumtuma Peris sitaki, atasema dawa ni ya kwao. Nitaenda mwenyewe siku ya soko, yeye akiwa ametoka. Mpango safi.

Ijumaa, 5 Februari
Hakuwa ametoka.

Nilikuwa ndani ya ua mpaka mabega, gunia limejaa nusu, nikasikia kikohozi. Nikageuka haraka nikampa mgongo. Naye akanipa mgongo. Heshima ilibaki mahali pake. Tukasimama hivyo kama nguzo za geti.

Akaanza kuongea na ng'ombe wake. Ati ng'ombe, kuna mtu anaiba majani ambayo angeomba angepewa. Mimi pia nikamwambia ng'ombe kwamba huyo mtu alikuwa anapita tu. Akamuuliza ng'ombe tangu lini watu wanapita katikati ya ua. Halafu akaanza maneno marefu, ati majani hayo huanikwa kivulini, yakauke kabisa, ndipo yachanganywe na majivu... Hapo nikaondoka. Mwanamume hafundishwi kupitia ng'ombe.

Nimefika nyumbani nikaponda majani yakiwa mabichi, nikakamua, nikamwaga maji yote ndani ya debe. Kama sukuma tu. Nikafunga kifuniko na kukikalia.

Jumapili, 14 Februari
Baada ya kanisa nikamwita Wabwile aje aone maiti za fukusi. Nikafungua debe mbele ya Peris.

Fukusi walikuwa wamekufa kweli. Ni maharagwe yalikuwa hai. Yameota mikia myeupe, na yale hayakuota yameoza, harufu mpaka barabarani. Wabwile akasema hongera mzee, umefungua shamba ndani ya debe, sasa utavuna na kijiko. Alicheka akishika mti.

Peris alikaa chini akachambua moja moja, akitafuta nzima. Hakupata. Afadhali angenitukana. Nilimpikia chai mimi mwenyewe, nikasahau kuweka majani ya chai. Akainywa hivyo hivyo.

Jumamosi, 5 Machi
Peris amerudi kutoka kwao na kikapu. Maharagwe mekundu, makavu, yamepakwa majivu na unga wa majani. Fukusi hakuna hata wa kuonyesha.

Ametumwa aniambie kwamba ng'ombe anasalimia, na anauliza yule mtu huwa anakimbilia wapi kabla maneno hayajaisha. Peris alicheka mpaka akashika mlango. Tangu siku ya debe sikuwa nimemsikia akicheka. Nikakaa karibu yake. Nikacheka pia, kidogo.

Jumatatu, 28 Machi
Maharagwe yamesimama shambani kama askari. Nimemwambia Ranjit hiyo ni kazi ya dawa yangu. Akasema, mzee, si mimi nilisikia ilioza? Wabwile ana mdomo, bana. Nikamweleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kujaribu.

Sasa mahindi ghalani nayo yanatobolewa. Peris ameanika majani kivulini, ati tungoje yakauke. Kungoja ni kazi ya wanawake. Nimefikiria sana jambo hili na nimeona kosa lilikuwa wapi: maji yalikuwa kidogo. Ndoo mbili za maji ya majani mabichi ziko tayari, nitazimwaga ghalani kabla Peris hajarudi kutoka kisimani.

Anayebisha haya amuulize Ranjit wa Kimilili. Amuulize hata Wabwile. Peris msimuulize leo.