Debe la Kununulia, Debe la Kuuzia

Debe la bati huzaliwa mara mbili. Mara ya kwanza linakuja kutoka Nairobi limejaa mafuta ya kupikia, limenyooka, linang'aa, lina heshima ya mgeni. Mafuta yakiisha ndipo linapoanza maisha yake ya kweli: linachota maji, linachemsha githeri, linapima mahindi, na likiangukia mikononi mwa mfanyabiashara hodari, linajifunza kusema uongo.

Yakubu wa Majengo, Nyeri, aliligundua hilo akiwa na miaka ishirini na tisa. Alichelewa sana, maana uongo wenyewe aliujua kabla ya kuota meno ya pili. Siku hiyo alikuwa ameketi katika hoteli ya Mzee Othmani, chai inapoa, moyo unachemka. Mzee alikuwa ndiyo kwanza ajibu posa yake.

"Saumu nitakupa," alisema Mzee Othmani. "Lakini pilau ya harusi ni juu yako. Madebe kumi ya mchele wa Mwea, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nitapima kwa mkono wangu. Usipoleta, kuna fundi cherehani wa Karatina amebisha hodi mara mbili. Na yule ana cherehani, wewe una mdomo."

Yakubu hakuwa hata na punje kumi. Alimtaka Saumu kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo mitatu hicho ndicho kitu pekee alichokitaka bila hila.

Wakati huohuo akaingia mama mmoja wa Tetu na gunia la maharagwe ya kuuza. Mzee Othmani akavuta debe kutoka nyuma ya mlango. Yakubu akalitazama. Mbavu zake zilikuwa zimetanuliwa kwa nyundo, tumbo liko mbele kama la chifu. Maharagwe yaliingia, yakaingia, na debe likaendelea kupiga miayo.

"Saumu," Yakubu alinong'ona, "hilo debe lina mimba?"

Saumu aligeuza mandazi yake bila kuinua kichwa. "Hilo ni la kununulia. Kila mwenye duka ana mawili. La kununulia limetanuliwa, la kuuzia limepigwa kitako kikaingia ndani. Mjanja mzima hujui?"

"Na la baba la kuuzia liko wapi?"

"Baba hauzi kwa debe, anauza kwa sahani. Umeitazama sahani yako?"

Yakubu aliitazama. Kitako chake kilikuwa kimeinuka katikati, na pilau yake yote ilikuwa imekaa juu ya kilima.

Mtu mwema angehuzunika. Yakubu alifurahi. Ulikuwa mwaka ule ratili zilipokuwa zikifukuzwa na kilo, na kila mwenye duka alikuwa akiota ndoto mbaya za wakaguzi wa vipimo. Hofu imejaa mji, alijiambia, na hakuna anayeiuza!

Nyumbani alikuwa na kipande cha shaba kilichong'oka kwenye kitanda cha mzungu aliyerudi kwao. Kilikuwa kimechongwa taji. Akanunua kopo la rangi nyekundu, akaazima koti lenye mifuko minne, na kesho yake akawa ofisi ya vipimo.

Mteja wake wa kwanza hakumtarajia. Alikuwa Mzee Othmani. "Saumu ameniambia unapiga madebe muhuri," alisema, akimsukumia lile debe lenye tumbo. "Nipigie na langu. Mkwe hatozwi na hatozi." Yakubu angekataa vipi? Akachovya, akapiga, taji jekundu likakaa juu ya lile tumbo kama limezaliwa hapo. Kisha akalisahau. Ndugu msomaji, wewe usilisahau.

Sokoni Kagio alianzia kwa Wamucii, mfanyabiashara wa mchele na ndengu, mwanamke mwenye mikono ya kuinua gunia na macho ya kuhesabu punje zake. Jirani yake Kahiga, muuza mahindi, alisogea kusikiliza.

"Mama, hujambo. Natoka kwa mambo ya vipimo," Yakubu alisema. "Mwisho wa mwezi, debe lisilo na muhuri litapondwa, na mwenyewe ataenda kujieleza kortini Kerugoya."

"Ngai!" Wamucii alijipiga kifua. "Na hii muhuri ni ngapi?"

"Sichukui pesa, Mama. Pesa ni hongo. Ada ni debe moja la mchele tu."

Kahiga alikuwa ameinama juu ya kile kipande cha shaba. "Lakini bwana, hii iko na taji. Si sisi tuko na Jamhuri?"

"Mzee," Yakubu alimjibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, "hilo ni taji la kilo. Kilo ndiyo mfalme wa vipimo."

Kahiga alitikisa kichwa kwa heshima. Wamucii hakutikisa kitu. Aliingia ndani akatoka na debe lililonyooka, kitako kimeingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno.

"Piga hii."

Yakubu akapiga.

"Sasa niko na ingine, lakini hiyo ni kubwa kidogo. Itapita?"

"Kwa ada hiyohiyo, Mama, hata ndoo ya kuogea itapita." Akapiga la pili.

Wamucii alishukuru sana. Kisha akalichukua lile dogo, akalijaza mchele, akapitisha fimbo juu kwa uangalifu, akammiminia guniani.

"Mama, mbona unanipimia kwa hilo?"

"Kwani iko na makosa gani? Si imepigwa muhuri sasa hivi? Ama muhuri ni ya uongo?"

Kahiga aliacha kutafuna. Yakubu alitabasamu tabasamu refu, la kuficha meno yanayosagana.

"Muhuri ni wa kweli, Mama."

Habari njema hazihitaji baiskeli. Kabla ya adhuhuri wafanyabiashara tisa wengine walikuja na madebe yao mawili mawili, wote wakataka lile dogo lipigwe kwanza. Yakubu alijifariji. Mzee alitaka madebe kumi, hakutaja kilo. Na haya si madebe? Tena yana muhuri!

Ijumaa aliingia hoteli ya Othmani na mkokoteni wa magunia, kanzu imepigwa pasi. Wazee wawili wa msikitini walikuwa wamekaa kama mashahidi. Mzee Othmani akanyoosha mkono nyuma ya mlango.

Yakubu aliliona taji lake jekundu kabla ya kuliona debe.

"Bismillahi," alisema mzee, akaanza kumimina. Moja. Mbili. Mchele uliingia tumboni mle kama maji mchangani. Sita ilipojaa, magunia yalikuwa yamelala chali.

"Sita," alisema Mzee Othmani. "Nilisema kumi."

"Baba, hilo debe..."

"Lina nini? Lina muhuri wako. Sema tu, mwanangu, kama muhuri si wa kweli. Ila ukisema hivyo, mchele huu umeupata kwa njia gani? Nami siwezi kulisha watu haramu kwenye nikahi ya binti yangu."

Wazee wakakohoa kwa zamu. Yakubu akageukia mlango wa jikoni. Saumu alikuwa amesimama pale, unga mikononi.

"Ni mimi niliyemtuma baba kwako na lile debe," alisema. "Mwanamume anayenitaka, nilitaka nimsikie akisema kweli hata mara moja, tena siku ambayo kweli inamuuma."

Yakubu alifungua mdomo. Uongo saba mzuri ulikuja mbio, kila mmoja ukiomba kutolewa. Akaumeza wote. Uliteremka kwa shida.

"Muhuri ni kipande cha kitanda," alisema.

Mzee Othmani alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Haya. Rudisha mchele wa watu, kisha ulete madebe kumi ya halali."

"Nitangoja mpaka mavuno mawili," Saumu alisema. "Sio matatu. Fundi cherehani bado anabisha."

Kule Kagio, Wamucii alimsikiliza Yakubu akikiri mpaka mwisho, na Kahiga akasema alijua tangu mwanzo kwamba taji haliwezi kuwa la kilo. Kisha Wamucii akaenda ndani.

"Ulichukua debe moja. Rudisha debe moja," alisema, akaweka mbele yake lile kubwa.

Yakubu alijaza la Wamucii. Akajaza la pili, la tatu. Alipojaza la sita, magunia yakaisha. Wafanyabiashara wanne walikuwa bado kwenye foleni, kila mmoja amekumbatia debe lake lenye tumbo.

"Hao watalipwa na jasho," Wamucii aliamua. "Mimi niko na magunia ya kubeba. Ukimaliza deni yao, utabebea harusi yako. Debe moja ya mchele kila wiki."

Yakubu alivua kanzu, akaikunja vizuri. Gunia la kwanza lilipomkalia begani, wazo likamjia.

"Mama, hilo debe la mshahara. Ni lile la kununulia au la kuuzia?"

Wamucii alitazama madebe yake mawili, yote na taji jekundu, kisha akamtazama Yakubu kwa huruma.

"Ni ile iko na muhuri."