Mji Usiotosha Kumsindikiza Lornah

Alhamisi, 10 Agosti 1989

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: sikuja Ujerumani kuimba. Mwalimu Obiero ananisimamisha nyuma kabisa, sauti yangu iishie ukutani. Nimekuja kwa sababu kwaya ina Lornah. Mama yake ni nesi, amehamishiwa Kombewa, na tukirudi Kisumu wanahama. Lazima nimwambie kabla hatujaondoka Jumapili kwamba nampenda. Basi!

Naandika Kiswahili makusudi. Kiingereza, Gordon, jirani yangu wa Kisumu ninayelala naye chumba kimoja hapa, angesoma chote. Kiswahili kitamchosha kabla ya mstari wa tatu.

Mji ni wa kale ajabu. Nyumba zimeinamiana kama wamama wanaosengenya. Ukuta wa mawe umeuzunguka mviringo, kama boma. Gordon ameuliza ng'ombe huingilia wapi.

Mpango: baada ya mazoezi nitamsindikiza Lornah hadi anakolala, kwa mjane mmoja, Mama Greta. Nani atashuku? Kwetu kusindikiza ni adabu tu. Kule Kisumu, kutoka Manyatta hadi Nyamasaria, mtu mwenye haya hupata nafasi ya kukohoa, kuzungumzia mitihani, kisha kusema lenyewe.

Ijumaa, 11 Agosti

Balaa. Mji umeisha! Jana jioni nilikohoa, nikataja mitihani, tukafika. Lornah kasema asante, kaingia.

Gordon aliniona nikirudi upesi nyumba ya parokia tunakolala. Akauliza kama nilikuwa nimesahau kitu.

Leo mchana nimejaribu kupotea na Lornah. Haiwezekani. Ukiinua macho, mnara wa kanisa huo hapo, unakuangalia kama mwalimu wa zamu.

Mpango mpya: ukuta. Juu yake kuna njia yenye paa, inauzunguka mji wote. Kweli, unarudi ulikoanzia. Lakini utakuwa umeongea!

Jumamosi, 12 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilipitia ukutani na Lornah. Nikakohoa karibu mzunguko mzima. Akaniuliza kama nina kifua. Nilipopata ujasiri tulikuwa mlangoni kwa Mama Greta, naye amesimama na fimbo yake. Akauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza mbona nakuja kila jioni.

Nikaona haya. Nikajificha nyuma ya mila. Nikamweleza kwamba Wajaluo hawamwachi mgeni aende peke yake. Unatoka naye, hata kama njia anaijua.

Kosa! Alifurahi mno. Akavaa koti. Akasema kwamba sasa mgeni ni mimi, akanisindikiza hadi parokia, Lornah akamshika mkono. Je, nimwache mzee arudi na msichana tu? Nikawarudisha. Mlangoni akageuka tena! Mila ni mila. Gordon dirishani alipiga makofi kila tulipopita.

Njiani alituonyesha nyumba alimozaliwa, nyumba alikoolewa, benchi ambalo mumewe alipenda kulikalia. Zote mtaa mmoja. Hakuwa na haraka.

Mwishowe miguu yake ilichoka. Nikamfikisha kwake polepole. Akaushika mkono wangu.

“Tangu mume wangu afe,” alisema, “mlango huu naufikia peke yangu.”

Lornah aliniangalia. Nafasi ile! Pumzi ninayo! Nikafungua kinywa. Nikasema, “Lala salama, Mama.”

Jumapili, 13 Agosti

Wenyeji wengine walitupungia mkono wakiwa kwenye milango yao. Mama Greta alitembea kando ya basi hadi nje ya lango la ukuta, fimbo mkononi, mpaka basi likamshinda. Lornah alilia. Nilitaka kumpa leso. Gordon alikuwa amekaa katikati yetu, anakula soseji. Leso akachukua yeye.

Jumatano, 16 Agosti, Kisumu

Nimekutana na Lornah sokoni, amebeba omena, dagaa wa ziwani, za mama yake. Sikukohoa. Sikusema lolote pia. Akacheka.

“Walter, kuongea hujui. Lakini kusindikiza unajua. Ijumaa tunahama. Utanifikisha steji ya basi?”

Nimekubali kwa kichwa. Kwa kichwa tu, kama mbuzi!

Nimefika nyumbani nikifikiria. Angeweza kumwomba Gordon, ana misuli. Kaniomba mimi. Labda anajua. Labda nimwambie tu, wazi, bila safari.

Hapana. Hiyo ni haraka.

Mpango: kutoka hapa Manyatta hadi steji ni karibu mno. Kwa hiyo tutapitia Nyamasaria. Nyamasaria iko upande mwingine kabisa, najua. Nitasema nimepotea njia. Katika mji nilikozaliwa. Alikozaliwa yeye pia. Naona mpango hauna kasoro.

Hatua nje. Gordon huburuta malapa. Hizi ni nyepesi. Mama anamkaribisha mtu, anamwita “binti yangu”. Anauliza mbona amekuja peke yake jioni hii.

Peke yake! Basi lazima arudishwe kwao!

Hatua zinakuja huku. Ukurasa chini ya godoro. Kwanza nikohoe.