Mtu Aliye Katikati ya Mikate

Jirani yetu, fundi viatu, anadai kwamba asubuhi moja aliuamkia mfuko wa mkate. Anasema alikuwa ameinamia soli ya kiatu, akainua macho, akamwona mheshimiwa mmoja juu ya benchi la wateja, kasinzia, mdomo wazi, kitambi mbele. Fundi akatoa uzi mdomoni, akasema shikamoo. Hakujibiwa. Akarudia kwa sauti zaidi, maana wakubwa wengine husikia ya pili. Mwenye mfuko alipomuuliza anamwamkia nani, fundi akanyoosha kidole, na hapo hapo mheshimiwa akayeyuka. Ikabaki mikate miwili iliyochorwa kwa wino wa kahawia, imeinamiana kama watu wanaosengenya, na katikati yao peupe.

Mimi sikuwapo, na fundi viatu hajawahi kusimulia jambo bila kulitia chumvi ya kutosha sufuria nzima. Lakini mfuko ule ni wa bekari ya shangazi yangu, anayenilea tangu nikiwa mdogo, na habari ilipofika sokoni ilikuwa imeshaota miguu. Jua lilipokuwa utosini, kila aliyenunua mkate alikuwa anaugeuza mfuko huku na huku, anacheka, halafu anatazama nyuma kama kuna mtu.

Kesho yake tangazo likabandikwa kwenye mlango wa bekari, juu ya kufuli jipya. Lilisema kwamba Idara ya Ukaguzi wa Nafasi Tupu katika Nembo, kwa moyo mzito na kwa mamlaka iliyopewa, inasimamisha uokaji wote hadi itakapobainika kilichomo ndani ya kisichokuwamo. Ndani kulikuwa na unga uliokwisha kukandwa. Ukaumuka peke yake, ukafunua kifuniko cha beseni, ukatazama huku na huku, ukashuka tena. Shangazi aliuangalia kupitia dirishani kama mtu anayeangalia mgonjwa.

Naifahamu Idara hiyo vizuri kwa sababu nafanya kazi humo, na si kazi ya kufagia, kama mtu atakavyodhani. Mimi ni Jicho la Mwananchi wa Kawaida. Cheo hicho kilitokana na utafiti. Idara iligundua kwamba msomi akipewa nembo husoma maandishi, akimaliza anayasahihisha, na weupe unampita hivi hivi. Wakaamua atafutwe mtu aliyeishia shule ya msingi, mwenye macho mawili na subira. Macho ninayo. Subira nimefundishwa na tanuri la shangazi, maana mkate hauivi kwa kufokewa.

Kazi yenyewe ni hii: nembo ya kampuni inatundikwa ukutani, mimi naketi mbele yake kwenye kiti, natazama palipoachwa peupe. Nikiona kitu nanyoosha mkono. Kamati inakuja kuamua kama kitu hicho kiudhi au kisiudhi. Tumelinda mengi. Kampuni ya mabasi ilikutwa na kobe kati ya magurudumu yake, nasi tukamtoa kabla abiria hawajakata tamaa. Kampuni ya bima ilikuwa na mwavuli, na chini ya mwavuli, ukitulia, walionekana watu wawili wamekaribiana mno. Tuliomba cheti cha ndoa. Kilipokosekana, tukaagiza upigwe mstari katikati. Dobi mmoja alikuwa na mbuzi kati ya mikono ya shati, lakini mbuzi aliachwa kwa kuwa hakuna mbuzi aliyeleta malalamiko. Kumbukeni kanuni hiyo, maana ndiyo uti wa mgongo wa Idara: pasipo mlalamikaji, hakuna kosa.

Mkurugenzi wetu ndiye aliyeitunga. Ni mtu mwenye upeo. Hupenda kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na weupe mwingi una mtu ndani.

Nilimweleza Katibu wa Kamati kwamba bekari ni ya shangazi yangu, hivyo huenda nisikalie kiti siku hiyo. Alinitazama kwa huruma. Akasema mgongano wa masilahi ni wa watu wenye masilahi, mimi niende nikakae. Nikakaa. Ubao wa bekari, wenye nembo ile ile ya mfukoni, ulikuwa umeegemezwa kwenye viti viwili. Nilitazama kwa utulivu, kama nilivyofunzwa, na kweli alikuwapo: kichwa, kisha mdomo ulioachwa wazi, kisha kidevu kilichozama kifuani, kisha tumbo, kisha miguu imenyooshwa mbele. Nikanyoosha mkono. Katibu akauliza nimeona nini. Nikasema mtu. Akaniambia kwa upole kwamba hapo panatosha, nisiendelee.

Niliporudi nyumbani nilimkuta shangazi anapanga sahani zisizo na kitu. Waokaji wake wawili walikuwa wameshaanza kuulizia kazi kwingine, na mwenye nyumba ya bekari alikuwa amepita kumjulia hali, jambo ambalo hajawahi kulifanya mtu akiwa salama. Shangazi akasema siku nyingine tatu hivi na bekari itakuwa ghala la mtu wa magodoro. Akaniuliza watu wa kwetu kazini wanataka nini hasa. Nikamwambia kwamba kwa kawaida wanataka radhi.

"Basi nitaomba," akasema. "Ulimi hauna mfupa."

Siku ya kikao alikuja amefunga leso kichwani, aproni imepigwa pasi. Wajumbe wa Kamati walikuwa wameketi upande mmoja wa meza ndefu. Mkurugenzi alikuwa katikati yao, kwenye kiti chenye mikono. Chumba kilikuwa na joto na Katibu alisoma mashitaka kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka, hivi kwamba alipofika ukurasa wa pili Mkurugenzi alikuwa ameingia katika tafakuri ya kina. Hilo ndilo jina letu la kiofisi. Macho yalifumbika, mdomo ukalegea, kidevu kikashuka kifuani, miguu ikanyooka chini ya meza. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, ubao mkono wa kushoto, Mkurugenzi mkono wa kulia. Nilitazama mbele, kama mfanyakazi.

Shangazi alipopewa nafasi hakubisha. Aliwaita "wanangu", pamoja na yule mwenye mvi, akasema amekuja kumwomba radhi huyo aliyechorwa, na kama atakubali, atampelekea na mkate wa moto. Anaomba jambo moja tu, aambiwe ni nani.

Katibu akamweleza kwamba hilo haliwezekani. Kumtaja mhusika ni kurudia tusi, na kurudia tusi ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

"Sasa nimwombe radhi nani, mwanangu? Mkate?"

Kamati ikashauriana kwa kunong'onezana. Mjumbe mmoja, anayehusika na maumbo, akatoa wazo kwamba ithibitishwe kitaalamu kuwa mtu yule hafanani na yeyote, ili Kamati iweze kuadhibu bila kumgusa mtu. Wakakubaliana. Wakaanza na tumbo. Mjumbe wa maumbo akasema ni kitambi cha wastani. Mwenzake akapinga, akasema kile ni kitambi cha uongozi, kina mteremko. Wakaandika: tumbo lisilo na mwenyewe. Mdomo wakauita mlango wa hewa. Shangazi alikuwa anafuatilia. Nilimwona anautazama ubao, halafu anatazama katikati ya meza, halafu anautazama ubao tena, polepole, kama anavyoangalia mkate kupitia kidirisha cha tanuri. Kisha akashusha macho chini na kuanza kukunja pindo la aproni.

Wakafika kwenye pua. Mjumbe wa maumbo akainuka, akaisogelea, akapima kwa rula. Akasema kwa heshima zote, pua ile ni kama kiazi kilichokanyagwa.

"Pua yangu haijawahi kuwa hivyo," akasema Mkurugenzi.

Alikuwa bado hajafungua macho yote. Kalamu ya Katibu ilisimama hewani. Mjumbe wa maumbo akarudi kinyumenyume hadi akakuta kiti chake, akakikalia kwa ubavu.

Shangazi ndiye aliyeokoa jahazi. Alisimama, akapiga goti kidogo, akaunganisha mikono.

"Kumbe ni wewe, baba. Nisamehe sana, Mheshimiwa. Nisamehe kwa tumbo. Nisamehe kwa mdomo kuwa wazi, mchoraji hakuwa na nia mbaya, kaacha tu pale brashi ilipokwisha rangi. Na hiyo pua nayo, baba, nisamehe, kwa kweli wamekuonea, mbona yako ina afya."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Dirisha lilikuwa wazi. Chini, mtu akacheka, wa pili akamuuliza anacheka nini, akaelezwa, na wakawa wawili.

Mkurugenzi akasema si yeye. Akasema mara mbili, na ya pili kwa maandishi. Akaagiza iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba yule si yeye, hajawahi kuwa yeye, na hana uhusiano wowote naye wa damu wala wa ndoa.

Hapo Katibu akakohoa. Ni mtu mwaminifu kwa kanuni, hata zinapomuuma. Akasema, basi, kama Mheshimiwa si mhusika, Kamati haina mlalamikaji mwingine, na pasipo mlalamikaji... Hakumaliza. Wote tulijua kanuni inavyomalizika. Mkurugenzi aliitazama kanuni yake mwenyewe usoni kwa muda, kisha akaomba funguo za kufuli.

Jioni ile tanuri liliwaka. Watu walipanga foleni hadi kwa fundi viatu, na wengi hawakuwa na njaa. Walitaka mfuko. Waokaji walirudi, kila mmoja akieleza kwamba hakuwa ameondoka hasa. Shangazi hakubadilisha nembo, alisema hana ruhusa ya kubadilisha kitu ambacho Serikali imekithibitisha kuwa si mtu.

Nami nilirudi kazini kesho yake, kama kawaida. Ubao ulikuwa bado kwenye viti viwili, haujachukuliwa. Mkurugenzi aliingia peke yake, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Akasimama kando ya ubao, mgongo wima, tumbo limevutwa ndani, mdomo umebanwa. Akageuka nusu, ili nimwone kwa ubavu.

"Wewe ndiye Jicho," akasema. "Nitazame vizuri, mwanangu, usiwe na haraka. Halafu niambie hatufanani."

Nikavuta kiti, nikaketi, nikatazama. Nilimtazama yeye, nikautazama weupe, nikamtazama yeye. Alishindwa kuendelea kuvuta tumbo, likarudi mahali pake taratibu.

"Sema basi," akasema.

Nikaendelea kutazama.