Nyimbo Kumi na Nne na Kanda Moja

Hyasinti Kapinga,
Litembo, Mbinga.

Meneja wa Vipindi,
Redio Ukingo,
Mbinga.

YAH: NYIMBO ZENU KUMI NA NNE, NA KANDA YANGU MLIYONAYO

Ndugu Meneja,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu nimeambiwa una miaka thelathini na moja, na barua haina namna ya kusubiri uniamkie. Huku hatujambo, kahawa imeanza kuiva, ila mimi nina jambo.

Rafiki yangu Placidi amelala kitandani kule Ngumbo, mwezi wa pili sasa. Aliteleza kwenye paa akiziba bati, akavunjika nyonga. Redio yake iling'oka kitufe cha kutafutia stesheni, ikagandia kwenu. Mgonjwa huyo anawasikiliza ninyi tangu jogoo la kwanza mpaka betri zichoke. Wiki iliyopita mkwewe, Lidia, alinipigia simu kwamba mzee amegeukia ukutani na hataki kula. Amesema, "Mwambieni Hyasinti, siku nikiisikia ile kanda yetu redioni, nitakula." Kanda hiyo niliikabidhi kituoni kwenu kwa mikono yangu, enzi za mtangazaji wenu Dunstan. Ninaiomba. Lakini ombi lisilo na malalamiko hudharauliwa, kwa hiyo natanguliza malalamiko.

1. Nyimbo zenu ni kumi na nne. Sikubuni. Kila mlipopiga wimbo ambao sijausikia niliweka punje moja ya kahawa kwenye kisahani; uliorudiwa sikuuwekea. Kwa siku tatu nimepata punje kumi na nne, na moja nina wasiwasi kuwa ni tangazo la sabuni. Hata ndugu zetu wa Kihagara, kule ziwani, wanaokula dagaa wa usipa mwaka mzima, mara moja moja hupata samaki mnono kama mbasa.

2. Ule wa "Bebi Tuma Lokesheni" mliupiga mara tisa kwa siku moja. Mjukuu wangu Glorious, mwenye miaka minne, anadhani ni sala. Jumapili padre aliposema "Bwana awe nanyi," Glorious aliwahi kuitikia kabla ya kanisa zima: "Bebi tuma lokesheni!" Padre alicheka. Katekista hakucheka, na sasa mimi mwenye miaka sitini na nane nahudhuria semina ya malezi kila Alhamisi.

3. Siku ya soko nilikuja kituoni kwenu tuyaongee uso kwa uso. Njia nzima mtangazaji alikuwa hewani akituambia "tupo pamoja". Nilimkuta mlinzi wenu Damiano peke yake, anakula ugali. Nilipomwuliza nani yuko ndani, alinijibu, "Mzee, ndani kuna kompyuta tu, na yenyewe imefungiwa." Sina ugomvi na kompyuta. Nauliza tu, nani alikuwa pamoja na nani?

4. Dunstan hakuwa hivyo. Kipindi chake cha Jumamosi, "Gitaa Halina Mwenyewe", kilipiga chochote kilicholetwa mlangoni: sahani za santuri zilizosahauliwa misheni, kanda zilizovushwa kutoka Malawi, magitaa yanayounguruma dakika kumi na moja bila mtu kuimba neno. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo alitufasiria alivyoona inafaa. Kuna wimbo alisema unahusu mtu ambaye ng'ombe wake amezama matopeni. Mwalimu mmoja alikuja baadaye kutuambia kwamba hamna ng'ombe humo. Alikuwa amechelewa, tulishalia. Siku hizo mtu ulifungua redio hujui utakutana na nini, na moyo ulikuwa unadunda. Ninawakasirikia kwa kutuondolea hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

5. Mimi hulima huku redio iko kwenye ukingo wa shamba, na jembe hufuata ngoma. Kwa kuwa ngoma yenu ni moja, mashimo yangu ya ngolo, yale ya kukinga mmomonyoko, mwaka huu yote yameegemea kushoto. Mvua zikija, hayatazuia udongo mlimani. Udongo utateremka mpaka ziwani, maji yatachafuka, usipa watahama, na watu wa Kihagara watakosa hata kile kidogo nilichokitaja kwenye namba moja. Afisa ugani, binti Dorah, anasema tatizo ni mgongo wangu. Nilimwuliza amepimaje kuwa si "Bebi".

6. Kwa hiyo napendekeza halmashauri itunge sheria ndogo: wimbo ukishapigwa asubuhi, usionekane tena wilayani mpaka mwezi uandame. Dunstan arudishwe, yupo Mbamba Bay anatengeneza majiko ya mkaa, na sauti bado anayo. Kompyuta ipewe likizo. Na kanda ya Radi Bendi ya Litembo, yenye gitaa langu la nyaya za breki za baiskeli na ngoma za Placidi, itafutwe leo hii. Ina mkanda mwekundu. Mwenzangu anakonda.

Nisalimie Damiano, mwambie ugali wake ulinukia vizuri. Isalimie kompyuta ikifunguliwa. Wasalimie wazazi wako huko ulikotoka kuja kwetu, na atakayekusaidia kusoma mwandiko wangu naye hajasahaulika.

Ni mimi msikilizaji wenu nisiye na namna,
Hyasinti Kapinga,
Mpiga gitaa la kwanza (na la pekee),
Radi Bendi ya Litembo.

Tanbihi: Mke wangu Beata ameisoma barua hii, akaificha bahasha mpaka niandike ukweli. Ukweli ni kwamba bendi yetu ilijua wimbo mmoja. Ndio uliojaza kanda, upande wa kwanza na wa pili. Tuliupiga kwenye harusi tangu jua linazama hadi linachomoza, na watu wakiomba mwingine, Placidi aliuanza uleule kwa kasi zaidi. Beata anasema alikubali kuolewa nami akiwa anasubiri wimbo wa pili, na mpaka leo anasubiri. Basi, mwanangu, ukiipata kanda usiipige mara moja ukadhani umemaliza. Ipige asubuhi, mchana na jioni, na kesho yake tena, mpaka Lidia anipigie simu kwamba sahani imerudi tupu.