Hotuba ya Kufungua Kituo cha Dawa ya Surrénale, Sawa Vile Tuliisikia

Mwenye Heshima Muwakilishi wa Muwakilishi aliyezuiliwa; Muheshimiwa Mukubwa wa Kartié pamoja na naibu wake, na naibu wa naibu wake, ambaye ninamuona amekaa kwenye kiti cha mukubwa; Baba Wachungaji wa makanisa yote, yale yenye kuandikishwa na yale ambayo dossier yao ingali njiani; Bwana wa micro, asante, songeza kidogo; wamama wapendwa, vijana, mabibi na mabwana katika vyeo na sifa zenu zote, bila kusahau cheo changu mimi mwenyewe, Michée, Coordonnateur wa Coordination ya Vituo vya Kisasa: protocole yote ikiheshimiwa, ninawasalimu mara ya kwanza!

(Makofi. Tunapiga polepole, juu tuko hapa tangu saa mbili ya asubui, na sasa iko saa saba. Tuko bamama kumi na moja chini ya bâche, turubai ya plastiki, barabara ya Karavia, kila mumoja na mutoto wake mwenye ugonjwa wa surrénale. Radio ilisema: kujeni, leo kituo inafunguliwa, kila mutoto atapewa vidonge na ampoule, ile dawa ya kupiga mu paja. Mimi, mama Gaëlle, niko na ampoule moja tu mu sakosi yangu ya mukono. Njo ya mwisho.)

Ninawasalimu mara ya pili!

(Gaëlle, mutoto wangu, ananiambia: « Mama, ule tata akisalimia mara ya tatu, miye nalala. »)

Wapendwa wangu, surrénale ni nini? Wengi wanaliogopa neno hili. Mimi siliogopi, sababu nililifanyia séminaire ya siku tatu ndani ya hoteli yenye climatisation. Ni tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya mafigo sawa kofia mbili, na kazi yao ni kazi ya uongozi: zinatoa cortisol, ambayo inasimamisha mutu, inalinda sukari ya damu yake, inamubeba wakati wa homa na wakati wa mashaka. Kwa ufupi, ni coordination ya mwili! Nazo zikishindwa kazi, mwili unabaki bila coordonnateur, na mnajua wenyewe fasi isiyo na coordonnateur inakuwa namna gani.

(Mama Chanda, alitoka Kipushi na kijana wake mudogo, iko pembeni yangu: « Inakuwa namna hii hii. » Tunacheka mpaka bâche inatikisika.)

Mugonjwa anachoka bila kazi, anakonda, akisimama kichwa kinazunguka, ngozi yake inageuka nyeusi hata kwenye mistari ya viganja, na anatamani munyu, chumvi tupu.

(Hapo hajadanganya. Gaëlle alikuwa analamba munyu mu kiganja, bajirani banasema ni mashetani. Mimi pia nilikaribia kuamini, Mungu anisamehe, mpaka siku munganga alimufungua kinywa, akaona ufizi imekuwa nyeusi, akasema: huyu ni surrénale.)

Leo, suluhisho! Kituo chetu kitatoa hydrocortisone, ambayo ni corticoïde, na corticoïde, wamama, msijifanye hamuijui, ni ile ile inayokaa ndani ya pomade zenu za kutakatisha ngozi. Kwa hiyo watoto hawa waliogeuka weusi, tutawapaka asubui na mangaribi, na baada ya trimestre moja watakuwa wameng'aa, tayari kwa foto ya rapport!

(« Aah, tata! » Mama Chanda anasimama na kijana mu mugongo: « Tata Coordonnateur, haipakwe, inamezwa! Asubui kipimo kikubwa, saa sita kidogo, saa kumi kidogo. Na kidonge ingine ya kushika munyu mu mwili, jina yake fludrocortisone. Ile pomade ya kutakata, ukizidisha, njo inalalisha surrénale ya bantu! »)

Asante mama, ndivyo nilivyosema. Kumeza, kisha kupaka. Ni axe mbili, njia mbili za stratégie moja.

(« Kumeza tu! »)

Axe ya tatu: kujitegemea. Uchunguzi wetu unaonyesha kwamba kutoka Kipushi mpaka Lukafu, asilimia mia moja arobaini na tatu ya wagonjwa hawa wanameza dawa kila siku, na wanafikiri kuendelea vile maisha yote. Huo ni utegemezi! Chini ya uongozi wangu, mutoto akijisikia muzuri tutakata nusu, na akipata homa tutakata yote, ili mwili upumzike.

(Mimi ni mutu wa haya, lakini hapa nimesimama. Nasema: « Tata, hapana, utatuulia batoto. Hii dawa haikatwe hata siku moja. Homa ikikuja, tunaongeza mara mbili, mara tatu, sawa munganga alituonyesha. Na mutoto akitapika, kidonge haibaki mu tumbo, basi tunamupiga shindano ya ampoule, kisha mbio hopitali! » Bamama bote: « Éé! »)

Mama, kaa, kaa, maoni yako yataingia kwenye procès-verbal. Nilikuwa nafika hapo hapo, kwa sababu catalogue yetu ni pana. Iko prednisolone, ambayo munganga anaweza kumupatia mutu muzima, mara moja kwa siku, lakini kwa mutoto mwenye kukua wanachagua hydrocortisone ili asibaki mufupi. Iko na dexaméthasone, yenye nguvu kupita zote, na juu ya hiyo ninaweza kutoa ushuhuda, sababu kiongozi anaanza na mwili wake mwenyewe. Mnaona mashavu haya? Mnaona tumbo hili? Siku niliyoteuliwa nilikuwa mwembamba, hata sentinelle wa biro alinipita bila salamu. Muke wangu Agnès akaniletea vidonge vya sokoni, vile vya kunonesha. Nimemeza miaka miwili, kila asubui, na leo ninajaza kiti! Lakini, kwa mfano wa kujitegemea, juzi nimeacha. Kwa mara moja! Paf! Na ninajisikia... ninajisikia muzuri sana...

(Hajisikie muzuri. Jasho inamutoka sawa mutu walimumwangia maji. Ameshika micro na mikono mbili. Mama Chanda ananigusa na kiwiko: « Vidonge vya sokoni vile ni dexa! Miaka mbili! Surrénale yake imelala kabisa, na yeye ameacha paf. »)

Kituo hiki... chenye vitanda mia mbili... na ascenseur ya kupandisha wagonjwa...

(Anatapika juu ya karatasi ya hotuba, anaanguka. Kule nyuma bangali banapiga makofi, juu habaone.)

Nileteeni... dawa ya stock...

(Micro imeanguka naye, tunasikia yote. Tata Dieumerci wa protocole anainama: « Stock gani, Excellence? » — « Ya mu makarton... kwa meza! » Kwa meza iko makarton kumi yenye ruban, utepe wa sherehe. Mama Chanda anafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tupu. Zote tupu, zimefungwa na scotch ya kubandika, muzuri kabisa.

Bantu banatoa matelefone, banapiga foto. Mimi naangalia sakosi yangu. Gaëlle anakohoa tangu jana. Akitapika leo usiku, nitamupiga nini? Namuangalia. Ananiangalia. Anasema: « Mama, iko sawa mimi ile siku ya Pasaka, nilianguka, ukanipiga shindano. »

Basi. Mikono inajua njia: maji mu poudre ya ampoule, kutikisa, kuvuta na shindano, kupiga mu paja, juu ya suruali ya costume. Miguu yake tunaiweka juu ya kiti ya mukubwa wa kartié, naibu wa naibu amekubali kusimama. Tunangoja. Nusu saa. Naomba Mungu juu ya bantu babili, yeye na Gaëlle.)

Wapendwa wananchi... mmeshuhudia! Kwa nusu saa tu, kituo chetu kimesimamisha mugonjwa wake wa kwanza! Mafanikio: asilimia mia!

(« Kituo? Ni ampoule ya mama Gaëlle! »)

Ambayo tunaiandika kama mchango wa jamii.

(Namushika mukono: « Tata, haujapona. Unaenda hopitali sasa sasa, bakuweke sérum mu mushipa, na usiache tena dawa bila munganga. Miye na mutoto wangu tunapanda jeep yako. Sishuke mpaka ampoule ingine iko mu sakosi yangu. » Dieumerci anasema jeep ni ya bakubwa. Anageuka, bamama sita bamesha kupanda.)

Basi nimalizie hapa kwenye kiti, sababu micro ingali inawaka. Dawa! (« Kila siku! ») Homa! (« Ongeza! ») Kutapika! (« Shindano, kisha hopitali! ») Coordination! (Mutoto mumoja anapiga chafya.)

Ninamushukuru baba Gérard, aliyetuazima ukuta wa kiwanja chake tuupake rangi, na mulango wenye ruban, ambao mkiufungua mtaona mihogo yake tu. Ninaishukuru radio, iliyotangaza bila kuuliza. Ninamushukuru fundi wa makarton. Na kuliko wote, ninamushukuru Mungu kwamba kituo hiki hakikujengwa, wala hakikuandikwa popote ila ndani ya hotuba hii. Maana kingekuwepo, mngenibeba mpaka ndani, na wa kuweka dawa ndani ningekuwa mimi, mwenye makarton tupu.

(Anafunga micro, tunamupandisha mu jeep. Kisha ananiuliza polepole, sawa mutu wa kawaida: « Mama, na hopitali nayo ikikosa ile ampoule? »

« Tutaenda kwa ingine, tata. Na kwa ingine. Sisi njo vile tunaishi. Sogea kidogo, Gaëlle akae. »)