Luqman wa Kizazi cha Tano

Sogeeni, enyi watu wa Kibuyuni, na nyinyi wa Shimoni mnaojitia hamnazo, niwasimulie vita vya Luqman bin Iddi, simba wa mapokezi ya hoteli huko Diani, mwenye simu ya kizazi cha tano, ambayo tangu Ijumaa aliinyanyua mbele ya nyuso zetu kama upanga, naye hajui hata inavyokamata mtandao.

Siku ya vita hivyo mpwa wake Waridi alikuwa anaolewa. Baba wa bibi arusi, Abdulbasit, mwendesha winchi bandarini Salala huko Omani, alikuwa apige simu ya picha ili ampe shehe wa msikiti wetu idhini ya kumuozesha binti yake. Kazini alipewa ruhusa ya nusu saa tu, kisha simu inafungiwa kabatini. Bila tamko lake hakuna ndoa. Na Luqman alikuwa ameagiza asipewe nambari nyingine ila yake.

"Enyi kaumu," akahutubu barazani, "simu zenu ni za mababu. Hii yangu nimeifunga isishike ila kizazi cha tano. Leo mtamwona Abdulbasit hata mvi za kidevuni."

Tukangoja dakika kumi, tukangoja ishirini, simu haikulia. Akapanda juu ya tangi la maji shujaa wetu, kanzu kaifunga kiunoni, akaielekeza simu kusini, akaielekeza kaskazini, akaisomea na Bismillahi. Masikini wa Mungu! Mnara wetu ni mmoja na ni wa kizazi cha pili, wa sauti bila picha, na simu isiyokubaliana na mnara haipati kitu, hata ingenunuliwa kwa shamba. Angaliuliza angaliambiwa, lakini kuuliza ni kazi yetu sisi wajinga. Nyuma ya pazia Waridi alikuwa analia, hina mikononi.

Hapo mamake Luqman, Bi Nadhira, mkulima wa mwani, akaja akasimama chini ya tangi. "Mwanangu, irudishe hiyo simu ishike mtandao wetu."

"Nishuke hadi cha pili, mama? Mbele ya watu hawa?"

"Shuka. Mjukuu wangu anaharibikiwa."

Ndipo kilipotendeka kitendo kile kikuu: kidole gumba kikaondoka tano, kikapita nne, kikapita tatu, kikatua mbili. Simu ikalia papo hapo, naye akashuka nayo barazani akaifungulia sauti.

"Nimepiga mara kumi na moja," ikasema sauti ya Abdulbasit, inakwaruza. "Zimenibakia dakika mbili." Akatamka idhini, shehe akaipokea akaozesha, ndoa ikasihi. Kisha akauliza, "Mbona siwaoni? Nimevaa kanzu huku kazini, nilidhani mtaniona."

Luqman alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Nakuona, baba," akasema Waridi nyuma ya pazia.

Basi andikeni, enyi waandishi wa zama, kwamba Luqman bin Iddi, kwa kidole kimoja, aliifikisha simu yake pale zilipokuwa simu zetu sote tangu asubuhi. Wakati wa dua aliomba atajwe kwa jina, na shehe akamtaja.